Waziri Mkuu wa Uingereza anapoaga: nani wa kuaminiwa kati ya wanaotaja mrithi?

SWALI: Mimi ni Mkenya, muuguzi, naishi Leicester huu mwaka wa nne. Kila inaposemekana waziri mkuu wa hapa anaondoka, majina ya warithi yanamiminika kazini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwenzangu mmoja huleta odi za makampuni ya kubeti kana kwamba ndiyo matokeo. Mwingine hushikilia kwamba naibu ndiye atakayekalia kiti. Nikihoji, naambiwa lisemwalo lipo. Je, kuna njia ya kujua tetesi zipi zina uzito? Na mbona sisi wapiga kura hatuitwi?

JIBU: Dada yangu, najua muuguzi anayeishi ugenini hafuatilii habari hizi kwa ajili ya soga. Waziri mkuu akibadilika, waziri wa mambo ya ndani huenda naye akabadilika, na masharti ya viza yakaguswa. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Usianze na majina, anza na kanuni. Uliza nani wana kura, ni wangapi, wanapiga kwa hatua ngapi, na mtu anahitaji wabunge wangapi nyuma yake ili jina lake lipokelewe. Tetesi nyingi za Uingereza huanguka kwa sababu zinapima jinsi mtu anavyopendwa mitaani, na mitaani hakuna kura ya kumchagua kiongozi wa chama. Kura ziko kwa wabunge wa chama tawala, na kwa wanachama wenye kadi wanaolipa ada.

Tumalize kwanza hilo la naibu. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea urithi ulioandikwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 146, inasema kiti cha rais kikibaki wazi naibu wake anakishika kwa muda uliosalia. Tanzania nayo ilipitia hayo Machi 2021: Rais Magufuli alifariki tarehe 17, na tarehe 19 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Uingereza haina kifungu cha namna hiyo. Cheo cha naibu waziri mkuu kinaweza kuwepo au kisiwepo, apendavyo waziri mkuu mwenyewe, na hakimpi mtu haki ya kurithi. Boris Johnson alipoingizwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa COVID-19 mwezi Aprili 2020, Dominic Raab alimshikia kazi kwa sababu Johnson mwenyewe alimwomba, wala hakuna sheria iliyomtaja. Mfalme, au Malkia enzi zile, humwita yule anayeonekana kuwa na imani ya wabunge walio wengi. Chama tawala kikishapata kiongozi mpya, basi huyo ndiye anayeitwa.

Kuondoka kwa waziri mkuu pia si jambo la siku moja. Kwa kawaida hutangaza kwamba anaacha uongozi wa chama, kisha anabaki ofisini mpaka mrithi apatikane. Tony Blair alitangaza Mei 10, 2007 na akatoka Juni 27. Theresa May alitangaza Mei 24, 2019, akatoka Julai 24. Johnson alisimama mbele ya mlango wa Namba 10, yaani ofisi na makazi ya waziri mkuu, tarehe 7 Julai 2022 na hakukabidhi mpaka Septemba 6. Majuma hayo ya katikati ndiyo msimu wa tetesi. Mwenye kiti hana tena nguvu ya kuamua makubwa, na kila anayekitaka ana wasaidizi wanaopiga simu kwa waandishi wa habari usiku na mchana. Unachokisoma asubuhi kama "duru za ndani ya chama zinasema" mara nyingi ni kambi moja inayotaka kambi nyingine ionekane imeishiwa pumzi.

Nakupa mfano wa mwaka 2022 kwa undani, maana chama kilekile, Conservative kilichokuwa kikitawala, kiliamua mara mbili ndani ya majuma machache, kikatoa majibu mawili.

Chama cha Conservative huchagua kwa hatua mbili. Wabunge wake hupiga kura duru baada ya duru, wa mwisho akiondolewa, mpaka wabaki wawili. Hao wawili hupelekwa kwa wanachama nchi nzima. Johnson alipoanguka, jina lililovuma siku za kwanza lilikuwa la Ben Wallace, waziri wa ulinzi, aliyekuwa akipendwa sana na wanachama. Hakugombea kabisa. Wabunge walipoanza kupiga kura, makampuni ya kubeti yakampa nafasi ya kwanza Penny Mordaunt, mmoja wa wabunge waliogombea. Duru ya mwisho ya wabunge ikatoa Rishi Sunak 137, Liz Truss 113, Mordaunt 105. Kwa kura nane tu, yule aliyekuwa akipewa ushindi juma lililotangulia akawa nje. Kisha wanachama wakamkataa Sunak, chaguo la kwanza la wabunge, wakampa Truss kura 81,326 dhidi ya 60,399. Nchi yenye watu milioni 67 ikapata kiongozi kwa kura za watu ambao hawajazi hata viwanja viwili vikubwa vya mpira.

Truss alitangaza kuondoka Oktoba 20, siku ya 45 tangu ashike madaraka, baada ya bajeti yake ndogo ya Septemba 23 kutikisa pauni na soko la hati fungani za serikali. Hapo ndipo Kamati ya 1922, chombo cha wabunge wa kawaida wa Conservative chenye kusimamia uchaguzi wa kiongozi, ilipoweka sharti jipya: anayetaka kugombea alete wabunge 100 wa kumpendekeza, na muda unaisha Jumatatu saa nane mchana. Chama kilikuwa na wabunge 357. Piga hesabu, dada yangu: hawawezi kupatikana zaidi ya watatu. Yeyote aliyefanya hesabu hiyo Ijumaa alikuwa na habari nzito kuliko magazeti yote ya Jumamosi, yaliyojaa picha za Johnson akirudi haraka kutoka likizo ya Karibi. Jumapili usiku Johnson akajitoa, akisema wabunge anao lakini hawezi kuongoza chama kilichogawanyika. Jumatatu, dakika chache kabla ya saa nane, Mordaunt naye akajitoa. Sunak, aliyekataliwa na wanachama majuma saba nyuma, akapita bila mwanachama yeyote kupiga kura. Kilichobadilika zaidi katika kipindi hicho kilikuwa kanuni, kwa maana wanachama walikuwa walewale.

Nakumbuka jinsi habari hiyo ilivyopokewa huku kwetu. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, kwa hiyo watu wengi walikuwa wamekwisha kumtabiria ushindi tangu Julai kwa mapenzi ya "huyu ana asili ya kwetu". Naielewa furaha hiyo na siipuuzi, ila haikuwa na kura.

Kanuni inaweza kumwangusha hata aliyeshinda. Novemba 1990 Margaret Thatcher, aliyekuwa ameshinda chaguzi kuu tatu, alipingwa na Michael Heseltine, waziri wake wa zamani. Wabunge wenye kura walikuwa 372. Thatcher akapata 204, Heseltine 152. Katika macho ya mtu wa kawaida huyo mama kashinda, na kwa kura 52. Lakini kanuni ya wakati ule ilidai mshindi wa duru ya kwanza awe mbele kwa asilimia 15 ya wapiga kura wote, yaani kura 56. Zilipungua nne. Wabunge wawili tu wangehama kutoka kwa Heseltine kwenda kwake, mambo yangeishia hapo.

Matokeo yalimkuta Paris kwenye mkutano wa viongozi kuhusu usalama wa Ulaya. Mwandishi wa BBC alikuwa nje ya makazi ya balozi wa Uingereza, mbele ya kamera, akieleza kwamba Thatcher hatarajiwi kutoka kusema lolote usiku ule, huku nyuma yake Thatcher anashuka ngazi kuja kwenye vipaza sauti. Akasema jina lake litaingia duru ya pili. Kesho yake jioni, akiwa ofisini kwake bungeni, aliwaita mawaziri mmojammoja. Wengi walimwambia jambo moja kwa maneno tofauti: mimi nakuunga mkono, ila hutashinda. Novemba 22 asubuhi akatangaza kuondoka. Heseltine, aliyevunja nguvu zake, hakukipata kiti. Aliyechukua ni John Major, ambaye hata hakuwamo kwenye duru ya kwanza.

Ukitaka kujua jina linaweza kuvuma miaka mingi bila kufika, mtazame Michael Portillo, mwanasiasa wa Conservative aliyekuwa waziri katika serikali ya Major. Mwaka 1995 Major alijiuzulu uongozi wa chama ili awalazimishe wapinzani wake wajitokeze. Kila mtu alimtazama Portillo. Hakujitokeza, lakini habari zikatoka kwamba nyumba moja imeanza kuwekewa laini za simu kwa ajili ya kampeni yake. Likawa pigo kubwa kwake: ameonekana anataka na ameonekana anaogopa. Mei 1997 Conservative wakashindwa vibaya, Major akaaga, na Portillo ndiye aliyekuwa mdomoni mwa wengi. Usiku huohuo wa matokeo alikuwa amepoteza kiti chake cha Enfield Southgate. Asiye mbunge hawezi kugombea, mjadala ukafungwa hapo, na uongozi ukaenda kwa William Hague. Mwaka 2001, akiwa amerudi bungeni, aliongoza duru mbili za mwanzo. Duru ya tatu ikatoa Kenneth Clarke 59, Iain Duncan Smith 54, Portillo 53. Kura moja. Nakuomba usimcheke. Nimemtaja kwa sababu makosa yote ya tetesi yamo katika hadithi yake: walisahau kuuliza kama ana kiti bungeni, na walisahau kwamba anayeongoza mwanzo hajafika.

Labour, chama kikubwa cha pili, wana mlango wa namna nyingine. Kwao wabunge hawapunguzi wagombea duru kwa duru. Kazi yao ni kupendekeza, kisha wanachama na wafuasi wa vyama vya wafanyakazi vilivyoungana na chama hupiga kura kwa kupanga majina kwa mpangilio wa kupenda. Kwa hiyo ukiwatazama Labour, macho yako yawe kwenye idadi ya mapendekezo. Juni 2015 Jeremy Corbyn alihitaji wabunge 35 na aliwapata dakika za mwisho kabisa kabla ya saa sita mchana, muda ulipokuwa unafungwa. Baadhi ya waliompendekeza hawakutaka ashinde. Walitaka mjadala uwe mpana, na wapo waliojuta hadharani baadaye. Alipokwisha kuvuka mlango ule, wanachama wakampa asilimia 59.5 duru ya kwanza. Chama hakijasahau. Mwaka 2021 kilipandisha kiwango hadi asilimia 20 ya wabunge wake. Ukiwa na wabunge mia nne na ushei kama Labour walivyotoka uchaguzi wa 2024, hiyo ni zaidi ya wabunge 80 kwa kila mgombea. Hesabu haiwezi kuruhusu zaidi ya watano, na kwa uhalisia wa siasa huenda wasizidi wawili au watatu. Ukipelekewa orodha ya "warithi kumi wa Labour", wengi wao unaweza kuwafuta kabla hujamaliza kusoma.

Sasa nije kwenye wale wanaojua na wale wanaosema, maana mara nyingi hao ni watu tofauti. Kwa miaka mingi wabunge wa Conservative waliotaka kiongozi apigiwe kura ya kutokuwa na imani walimwandikia barua mwenyekiti wa Kamati ya 1922, na zilipofika asilimia 15 ya wabunge, kura iliitishwa. Idadi ya barua aliijua mwenyekiti peke yake. Hata hivyo mwaka 2018 na 2022 kila jioni kulikuwa na mtu wa kutaja idadi kamili. Huyo alikuwa anakisia, au alikuwa na haja ya kuwatia wenzake moyo waandike. May aliitishiwa kura Desemba 12, 2018, akapona kwa 200 dhidi ya 117. Johnson alipona Juni 6, 2022 kwa 211 dhidi ya 148. Mwezi mmoja baadaye akawa anaaga. Kilichomwondoa hakikuwa barua: mawaziri na wasaidizi wao walijiuzulu zaidi ya hamsini ndani ya siku tatu, wakianza na Sunak na Sajid Javid jioni ya Julai 5.

Hiyo ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko zote. Waziri anapoandika barua ya kujiuzulu anapoteza mshahara wa uwaziri, gari na ofisi, kwa hiyo habari yake ina gharama. Msaidizi asiyetajwa jina hapotezi kitu akimwambia mwandishi kwamba "mambo yamekwisha". Ukisoma habari, jiulize huyu msemaji atapoteza nini akikosea.

Vilevile usitegemee kukanusha. Heseltine kwa muda mrefu alisema haoni mazingira ambamo angempinga Thatcher, na mazingira yalipofika akampinga. Mwanasiasa anayetaka kiti hawezi kusema anakitaka wakati mwenyewe bado amekikalia, kwa hiyo kukana kwake hakukuambii lolote. Na mbunge aliyeahidi kura yake pia usimhesabu sana, kwa maana kura ni ya siri. Mwaka 2024 Conservative wakiwa upinzani, James Cleverly aliongoza duru ya tatu kwa kura 39, wenzake wakiwa na 31 na 30. Tom Tugendhat akatolewa, kura zake 20 zikawa hazina mwenyewe. Kesho yake Cleverly, badala ya kupanda, akashuka hadi 37 na kutolewa. Wengi wanaamini baadhi ya wafuasi wake walimwazima kura mgombea mwingine ili wamchagulie mpinzani rahisi, wakazidisha. Kemi Badenoch akapita, na ndiye aliyeshinda.

Na odi je? Odi zinaonyesha pesa zilipoelekea, na pesa hufuata habari zilezile unazosoma wewe. Ziko sahihi pale mambo yanapokuwa wazi kwa kila mtu, kama ilivyokuwa kwa Gordon Brown mwaka 2007 alipopendekezwa na wabunge 313 na mpinzani akakosa idadi. Yanapokuwa magumu, zinayumba pamoja na watu. Corbyn alianza akipewa nafasi ya mmoja kwa mia. Afadhali zaidi ni kura za maoni zinazowauliza wanachama wa chama wenyewe: zilimwona Corbyn mapema, zikamwona Johnson mwaka 2019, na zikamwona Truss, ingawa zilimpa pengo kubwa kuliko alilopata. Lakini hakikisha swali limeulizwa kwa wanachama. Kura ya maoni ya Waingereza wote kuhusu nani awe waziri mkuu haina kazi katika hatua hii.

Hapo hapo nikuonye kuhusu ahadi. Mgombea wa uongozi anazungumza na wanachama wa chama chake tu, na huahidi wanachotaka kusikia. Kiangazi cha 2022 Truss na Sunak wote waliahidi kuendeleza, hata kupanua, mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Mahakama ya Juu iliukataa Novemba 2023, na serikali ya Labour ikaufuta Julai 2024. Kwa hiyo ukisikia mgombea ananguruma kuhusu viza za wauguzi, usifungashe mizigo wala usishangilie. Subiri kanuni zichapishwe, na ukiwa na shaka mwone mwanasheria wa uhamiaji.

Swali lako la pili: mbona hamuitwi? Kwa sababu katika mfumo wa bunge mpiga kura humchagua mbunge wa eneo lake, na wabunge 650 waliopo ndio wanaoamua serikali isimame au ianguke. Bunge lina miaka mitano. Kiongozi akibadilika katikati, wabunge hawabadiliki. Brown, May, Johnson, Truss na Sunak wote waliingia Namba 10 kwa njia hii bila uchaguzi mkuu. May na Johnson waliitisha wao baadaye, Brown alisitasita mwaka 2007 mpaka nafasi ikapita. Mimi naona hoja ya wanaotaka uchaguzi ina nguvu ya haki, hasa waziri mkuu mpya anapoacha kabisa ilani iliyowapa wabunge wake viti, kama Truss alivyofanya. Lakini sheria haimlazimishi, na chama kilicho nyuma kwenye kura za maoni hakitajipeleka chenyewe.

Wewe mwenyewe hata hivyo si mtazamaji kabisa. Kenya ni nchi ya Jumuiya ya Madola, na raia wake anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Kama hujajiandikisha, fanya hivyo sasa. Ukitaka kura ya kumchagua kiongozi wa chama, itabidi ujiunge na chama, na hapo tarehe ndiyo kila kitu. Mwaka 2022 Conservative walitaka mwanachama awe na miezi mitatu. Mwaka 2016 Labour walitaka miezi sita, wanachama wapya wapatao 130,000 wakaachwa nje, baadhi wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikakipa chama haki. Anayengoja waziri mkuu atangaze kuondoka ndipo achukue kadi, mara nyingi huwa amechelewa.